Isale Ndani ya Mkungu wa Ndizi

Nalala nikiwa nimekaa. Mgongo uko ukutani, Elinami ananyonya titi la kushoto na macho yake yamekwisha kufumba, daftari la insha liko wazi juu ya goti langu la kulia, ni saa tisa alasiri ya Jumapili na watoto wa jirani wanaruka kamba uani. Mwili unalala ila hasira hailali. Hasira inabaki imesimama katikati ya chumba, inanitazama, halafu inanishika mkono na kunivusha kizingiti cha mlango wetu wenyewe, mlango ule ule wenye pazia la maua, na upande wa pili hakuna korido ya nyumba ya kupanga wala ndoo za jirani Mama Zubeda. Kuna barabara. Ni nyembamba, ya udongo mwekundu, imebanwa kulia na kushoto na miti ya masale iliyopandwa kwa mstari kama inavyopandwa kwenye mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya ukoo kule mlimani, majani yake marefu yamesimama kama watu waliokatazwa kusema. Elinami yuko mgongoni mwangu, sijui nimemfunga saa ngapi. Natembea. Barabara inakwenda, inapinda, inarudi, inakuwa ile ile, na kila inapopinda nakasirika upya, kwa sababu masale ndiyo hasa nisiyotaka kuyaona.

Acha nieleze nikiwa natembea, barabara yenyewe haina haraka. Jana Shangazi Eliwaza, dada wa marehemu baba yangu, ameshuka kwenye basi la kutoka Moshi akiwa na mkungu wa ndizi uliofungwa vizuri kwa majani makavu ya mgomba, akanikabidhi hapo hapo mlangoni, na mimi nikaupokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa, nikasema asante Shangazi, nikasema tena asante. Nilipoufungua ndani, katikati ya vichana kulikuwa na isale, jani moja limepigwa fundo. Mtu wa kwetu akiliona hilo haulizi. Aliyekukosea akikuletea isale na ukalipokea, umemsamehe, na jambo hilo halitajwi tena, si kwenye kikao cha ukoo wala kwenye pombe. Halikataliwi, halirudishwi. Na hili limetoka kwa baba mdogo Anaeli. Nikamwambia Shangazi mimi nimepokea ndizi, sikupokea isale. Akavua viatu, akanyoosha miguu, akasema mikono iliyopokea ni ile ile. Nani anayekagua mkungu wa ndizi kama askari wa kizuizini? Mkosaji huja mwenyewe na jani lake mkononi, anasimama mbele yako, unamwona anavyotetemeka. Baba mdogo amelificha kwenye chakula, kama dawa ya minyoo ya ng'ombe.

Na kosa lenyewe nalirudia kila hatua ili lisinitoke. Baba mdogo Anaeli ndiye kitindamimba, na kwetu kitindamimba ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi, aitunze, afagie makaburi, afungue mlango sisi wengine tukipanda nyumbani Desemba. Ameuza. Ameuza nyumba ya bibi Ndekirwa aliyenilea mimi tangu baba alipofariki hadi namaliza darasa la saba, ameuza migomba, ameuza hata pale bibi alipolala. Hakumwambia mtu. Desemba hii nimempeleka Elinami, miezi mitatu, nimemvika sweta ya manjano, nikamwonyeshe kwa bibi yake mkubwa kaburini, nimekuta ukuta na geti la chuma na mlinzi ananiuliza nina miadi na nani. Nikamwambia na bibi yangu. Akauliza yuko ndani? Nikamwambia yuko ndani, amezikwa. Akaniambia basi nipige simu kwanza.

Namrudia mlinzi huyo na huyu hapa amesimama kwenye njia panda. Koti lake ni lile lile la bluu lililochanika kwapani, kofia ni ile ile, ila chini ya kofia hakuna uso, ni ngozi tupu, laini, kama ganda la yai. Namuuliza njia ya kwa bibi Ndekirwa ni ipi kati ya hizi. Anajibu bila mdomo kwamba njia zote ni hiyo. Namuuliza mbona natembea na sifiki. Anasema anayekimbia kitu na anayekifuata huchakaza viatu sawa. Namwambia asinifanyie vitendawili, nina mtoto mgongoni na kesho jioni nina darasa, mwalimu Mwasha anataka insha, eleza mahali penye maana katika familia yako, na ameapa kwamba insha isiyomwezesha mgeni kutembea humo akiwa amefumba macho bila kujikwaa, hiyo hataisahihisha. Mimi nimeandika mstari mmoja tu. Nimeandika: mahali hapo hapapo tena. Asiye na uso anainamisha kofia kama aliyesikia jambo la maana, anageuka, anatangulia, na mimi namfuata kwa sababu hasira inamfuata.

Tunaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo. Maduka ni vioo, kanisa ni kioo, hata mtaro wa maji machafu chini yake ni kioo, na humo mote namwona mwanamke amepiga goti, amenyoosha mikono, anapokea mkungu wa ndizi. Ni mimi. Kitambaa cha kichwa kimekaa upande, uso umejaa furaha ya kuletewa ndizi za nyumbani, najiona ninavyocheka na natamani nijizabe kofi. Chini ya kila kioo wamekaa watu kwenye mabenchi na vibuyu vya mbege, pombe yetu ya ndizi, naujua mkao wao, ni watu wa ukoo, ila nao hawana nyuso, na wananishangilia kwa makofi ya polepole. Mmoja anasema amepokea. Mwingine anasema na goti kapiga. Mwanamke mwenye sauti ya mafua anasema tena kasema asante mara mbili, ya pili hata hakuombwa, na benchi zima linacheka mpaka mbege inamwagika. Nawaambia hilo si isale, ule ni ujanja. Wanasema ujanja ni wa kwako uliyesoma, sisi tumeona mikono tu. Nawauliza wakati nyumba inabomolewa walikuwa wapi, wakati trekta linapita juu ya migomba ya mama yao nani alisimama njiani. Kibuyu kinapitishwa kutoka mkono hadi mkono, na yule wa mafua anasema, taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa, mwanangu Aikande, wewe ni mtoto wa kike, umeolewa, una kwako, hasira ya kihamba unaibeba ya nini?

Kwangu ni chumba kimoja. Kwangu ni pazia la maua na jiko la mkaa mlangoni. Sijawahi kudai shamba, sijawahi kudai hata mgomba mmoja, nilidai mlango wa kubisha hodi Desemba. Nataka kuwaambia hivyo, ila sauti inakuja kubwa kuliko maneno, vioo vyote vinapasuka kwa mpigo, bila kelele, kama barafu ndani ya maji, na yule mwanamke aliyepiga goti anabaki vipande elfu, na katika kila kipande bado anapokea. Elinami mgongoni hata hakustuka. Namgusa mguu, una joto, natembea.

Nje ya mji barabara inapanda. Hewa inakuwa ya baridi ile ya kwetu, ya kuuma masikio asubuhi, na nauona ukuta na geti la chuma, halafu mbele kidogo ukuta mwingine na geti lingine, halafu mwingine, mlima mzima mageti. Namwambia asiye na uso anifungulie. Anasema mimi nalinda, sifungui, hufunguka kwa anayesema kilichomo. Nasema kaburi. Geti halitikisiki. Nasema wizi, dhuluma, nasema maneno ambayo singependa mtoto wangu ayajue, geti limesimama. Basi namkumbuka mwalimu Mwasha na chaki yake na kikohozi chake, nafumba macho, naanza kama ninavyotakiwa kuanza, kwenye mguu.

Nasema: ukitoka njiani unavuka mfongo, mfereji wa maji, juu ya gogo moja la mkuyu lililobonyea katikati kwa miguu ya watu, na maji chini yake hupiga kelele kuliko ukubwa wake. Geti linalia kidogo. Nasema: kisha migomba, giza la kijani, unainama, majani makavu yanakukwaruza shingo, na chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, hakuna udongo uliokaa bure. Bibi akipita humo alfajiri huipiga migomba kofi moja moja kwenye shina, kwa kiganja, akisema umeamkaje, umeamkaje, na ule mmoja uliomletea mkungu mbaya mwaka jana hausalimii. Geti linafunguka na sasa niko ndani, natembea juu ya maneno yangu, na kila ninalolitaja linaota mbele yangu. Nasema nyumba: bati lenye kutu upande wa mvua, kuta za mbao, mlango wenye tundu la paka. Nasema kushoto ng'ombe, anaitwa Sefania, bibi alimpa jina la mchungaji aliyemsumbua, na pumzi yake ndiyo inayopasha chumba joto. Nasema katikati mafiga matatu, moja limevunjika meno, juu yake dari la fito ambako mahindi hukaushwa kwa moshi, na moshi huo ndio harufu ya nguo zangu za shule, darasa zima liliijua. Kila kitu kinasimama mahali pake. Kwa furaha yenye ghadhabu nawaza, mnaona, hamjauza kitu, ninayo yote, Elinami nitampitisha humu amefumba macho.

Halafu ukuta wa nyuma unaanguka. Nausimamisha tena, nausema upya, mbao kumi na mbili, dirisha dogo bila kioo, unaanguka. Dari linafuata. Mahindi yanamwagika kama mvua. Namgeukia asiye na uso, namuuliza nimekosea wapi, mbona nimesema kila kitu. Ananiuliza dirisha lile alilitoboa nani. Anauliza tena, gogo la mfongo lililetwa na nani. Najua anakonipeleka na sitaki kwenda. Nasema lilikuwepo. Gogo linatoweka, nasikia maji tu. Nasema dari lilikuwepo, dirisha lilikuwepo, na kila ninaposema lilikuwepo kitu kinaondoka, mpaka nabaki nimesimama kwenye uwanja mtupu na ng'ombe mmoja anayenitazama, na kwa mbali kule jikoni kusiko na jiko nasikia bibi anakohoa, akingoja nyumba yake.

Basi nalisema, na nalisema kwa meno. Dirisha alitoboa baba mdogo Anaeli kwa sababu nilikuwa nakohoa moshi, nina miaka sita, alitoboa siku moja kwa msumeno wa kuazima na bibi akamfokea kwamba ameiumiza nyumba. Ukuta unasimama. Gogo alilileta yeye, na mwaka ule mfongo ulipofurika na kulibeba, alinivusha mabegani kwenda shule wiki nzima, huku akiimba uongo kwamba mimi ni gunia la chumvi na nikilowa nitaisha. Maji yananyamaza, gogo linarudi. Ndizi tulichoma wote kwenye majivu, akinipa upande usioungua. Siku ya mazishi ya baba yeye ndiye aliyenishika kichwa nisione jeneza linavyoshuka. Nalia kwa hasira sasa, hasira nyingine, mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu nyumba imesimama yote, kila ubao, imesimama kwa kuwa yeye yumo ndani, na yeye ndiye aliyeiangusha. Ningeweza kumchukia vizuri kama angekuwa mgeni.

Anatoka mlangoni. Huyu ana uso. Katika nchi hii yote isiyo na nyuso yeye peke yake anao, tena ule wa zamani, kijana, pengo la mbele, ndevu chache za kujaribia. Mkononi ana isale. Anasema nisamehe, mwanangu. Namwambia asiniite hivyo. Anasema nilibanwa. Namwambia kila mtu amebanwa, mimi nimebanwa chumba kimoja na mtu mzima na mtoto na ndoo, sijauza kaburi la mtu. Anasema niliogopa kuwaambia. Namwambia hapo sasa umesema, ulijua ni vibaya ndiyo maana ukaogopa, na ulipoona haya ya kuja ukaniletea msamaha ndani ya ndizi, nimle bibi yangu na mchuzi. Anashusha macho. Naona anavyotetemeka, kile kitu nilichonyimwa jana mlangoni nakiona sasa, na hakinitoshi. Ananyoosha jani. Nyuma yangu nasikia mabenchi yanaburutwa, watu wa ukoo wamekuja na vibuyu vyao kuona mikono yangu.

Nalipokea. Nalipokea kwa mkono mmoja, wa kushoto, sipigi goti. Wanaanza makofi yao ya polepole na mimi nachuchumaa palepale, nachimba udongo kwa vidole, nalichomeka isale chini, katikati ya miguu yake na miguu yangu, naushindilia udongo kwa kiganja. Makofi yanakatika. Nawaambia wote, nikiwa bado chini, kwamba isale mnalijua kwa kazi moja tu siku mkitaka watu wanyamaze, lakini mipaka yote ya mlima huu mmeiweka kwa jani hili hili. Wazee walikuwa na miti mingi, walichagua mmoja kwa kazi zote mbili. Baba mdogo, msamaha umeuchukua kwangu kwa mila, sina uwezo wa kuurudisha. Huu ni mpaka. Utakaa upande huo. Hutakuja kwangu, hutambeba mwanangu, mpaka uende kwa miguu yako kwenye lile geti, mchana, watu wakiona, umwombe mwenye ukuta njia ya kufika kaburini, njia ya upana wa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Akikataa utarudi kesho yake. Siku nitakayopita hapo bila kuulizwa miadi, nitaling'oa isale hili mwenyewe.

Yule wa mafua anasema jambo la namna hiyo halijawahi kufanyika. Namwambia na la kuuza kaburi halikuwahi. Baba mdogo Anaeli anatazama jani, anafungua mdomo, na sijui anasema nini kwa kuwa Elinami analia, analia karibu sana, si mgongoni, kifuani, na mlima unajikunja kama mkeka.

Nafumbua macho. Mgongo uko ukutani, shingo inauma, maziwa yamelowesha blauzi. Alasiri bado ipo, kamba bado inapiga uani. Namhamishia Elinami titi la kulia, anatulia, anakunja ngumi yake ndogo kwenye kola yangu. Shangazi Eliwaza amesimama mlangoni na mwanga wote wa uani uko nyuma yake, begi lake limekwisha kufungwa kwa safari ya asubuhi. Nakusanya ujasiri kabla haujapoa. Namwambia Shangazi, una jibu la kupeleka, kaa nikuambie, na namweleza, kwa sauti ya chini ili mtoto asistuke, habari ya mpaka, na ya geti, na ya njia ya upana wa mwanamke mwenye mtoto. Natarajia anifokee. Natarajia aniambie nimesoma jioni mbili tatu sasa nimekuwa hakimu.

Anasema, Aikande, maneno hayo umeshaniambia.

Namuuliza lini. Anasema leo mchana, kabla hujakaa hapo, umeniambia hivyo hivyo, mpaka mimi nimekasirika, mpaka nimelia, nimetoka nje nimempigia simu mdogo wangu nikamsomea neno kwa neno. Namuuliza, naye? Anasema alikaa kimya nikadhani salio limeisha. Halafu akasema anakwenda. Amekwisha kwenda, mama, yuko pale getini sasa hivi, amekaa chini kwenye majani, mlinzi anamuuliza miadi na yeye hajibu, anataja tu, mfongo, gogo, migomba, dirisha.

Elinami anaachia titi na kunitazama. Sikumbuki kusema neno lolote mchana. Nakumbuka chai, nakumbuka tumenyamaziana. Nataka iwe kweli kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na ndiyo maana siamini, naogopa kufurahi upande usiofaa. Namfunika mtoto na kona ya kanga. Namwambia, polepole, Shangazi, toka kidogo hapo kwenye mwanga, nikuone uso.